Jinsi Kofia Yangu Ilivyoingia Kwenye Injini

Tangu nirudi likizo hapa Matembwe, kila ninayekutana naye ananitazama kichwani kwanza ndipo ananisalimu. Mliponisindikiza kwenda kuanza kazi ya ualimu nilikuwa na kofia mpya ya pama na sanduku zuri la kadibodi. Nimerudi kichwa wazi, na sanduku langu limefunikwa kwa kipande cha gunia. Nimesikia kwamba wengine mnasema niliporwa, na wengine mnasema nililewa ulanzi. Nimeona niandike mara moja, kwa kuwa nikisimulia kwa mdomo husimama kujiuliza kama neno nililotumia linafaa, na nikimaliza kujiuliza wasikilizaji wameshakwenda kulisha nguruwe.

Matembwe hadi Njombe

Nilipata nafasi juu ya gari la mbao. Manyunyu yalikuwa yakishuka. Mama alikuwa amenipa viazi vya kuchemsha, bado vya moto, nikavitia ndani ya koti ili vinipashe joto kifuani. Njiani nilijiuliza kama inafaa mwalimu kula mbele za watu, tena akiwa juu ya mbao. Nikaona labda inafaa akila taratibu. Halafu nikaona kula taratibu kutafanya watu wamtazame zaidi. Nilipofikia uamuzi tulikuwa tumeingia Njombe, na viazi vilikuwa vimepondeka mpaka kwenye bitana ya koti. Nilishuka nikinukia kama chungu.

Njombe: dereva anakimbia

Lori la kwenda Makambako lilikuwa limesimama mbele ya maduka, boneti wazi. Lilikuwa la silinda nane, lililobaki kutoka vitani, na rangi ya jeshi bado ilichungulia chini ya rangi ya bluu. Nyuma lilijaa magunia ya pareto. Dereva aliitwa Lutengano, kijana mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mwalimu, wewe utakaa mbele," alisema alipoiona kofia. "Lakini ujue leo ni mbio. Mke wangu Tabita, kule Makambako, uchungu umeanza kumgusa, jana mtu wa baiskeli aliniletea habari. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hapumui, tukamzika siku ile ile. Safari hii Tabita amesema hataki mkono wa mtu mwingine, anataka wa mama yake. Na mama yake anapandia hapa."

Alikuwa akimimina oili katika bomba fupi lililosimama juu ya injini. Kifuniko cha bomba kilipotea zamani, akawa analifunika kwa kopo la maziwa lenye matundu mengi ya msumari. Kabla hajalirudisha kopo, alitazama nyuma ya bega langu, akaangusha kitambaa, akatimua mbio kuingia kwenye miti ya miwati kama mtu aliyekanyaga mzinga wa nyuki.

Nilidhani nimemkosea. Nilipogeuka nilimwona mama mmoja mnene, kapu kichwani, anatafuna hindi la kuchoma.

"Kamwene, mwanangu. Huyo mtu amekwisha kukimbia?"

"Kamwene, mama. Mtu gani?"

"Aliyemwoa binti yangu."

Mnajua kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe wake, hasemi naye, hali mbele yake, wala hashiki nguo iliyotoka mwilini mwake. Nawakumbusha kwa sababu yote yaliyotupata yalianzia hapo.

Mama Tabita alilizunguka lori akilikagua kama anayenunua ndama. Alipofika kwenye injini akaliinua lile kopo, akaona mwanga unapita.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Mume wa binti yangu anafunika chombo chake kwa chujio."

Akalitupa kopo mtaroni. Akamaliza hindi, akachana upindo wa kanga yake nyekundu, akauzungusha kwenye gunzi, akalishindilia gunzi kwenye bomba kwa kiganja mpaka likakaa kama kizibo cha chupa. Kisha akapanda juu ya magunia akajifunika kichwa.  Nilijiambia kwamba sijasoma mambo ya injini, na kwamba kitu kilichofunikwa vizuri lazima ni bora kuliko kilichofunikwa vibaya.

Lutengano alirudi kwa kuzungukia upande wa pili, kichwa chini. Aliliona gunzi. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Ni yeye?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni yeye."

Akalitazama tena, akafunga boneti polepole kama anayemfunika mtoto aliyelala. Niliona machozi kidogo machoni mwake, nikadhani ni ya shukrani.

Njombe hadi Mtwango: kazi ya kupeleka maneno

Kioo cha kutazamia nyuma Lutengano alikivika soksi, asije akamwona mkwewe kwa bahati mbaya. Nyuma ya viti palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, na kupitia hapo ndipo nilipokuwa mjumbe, kazi ambayo sikuiomba.

"Mwanangu wa kofia," Mama Tabita aliita, "mwambie huyo mtu kwamba hata konokono wana wake, na wake zao hujifungua."

Nilifikiri. Maneno hayo yalikuwa makali. Dereva akikasirika anaweza kututupa bondeni. Nikamgeukia: "Mama anasema safari inakwenda vizuri."

"Hakusema hivyo," alisema Lutengano.

"Amesema kwa njia yake."

"Mwalimu, mimi nimeoa kwao. Njia yake naijua. Mwambie aliye juu ashike kamba, mbele kuna korongo."

Nikapeleka uso kidirishani. Nilitaka kumheshimu, kwa hiyo nilianza: "Mama, kwa heshima na taadhima, baada ya salamu, dereva ananiomba nikufikishie ombi dogo linalohusu—" na korongo likafika. Niliona nyayo za Mama Tabita, kisha mbingu, kisha nyayo tena.

"Ombi gani?" aliuliza alipotua.

"Lilikuwa la kushika kamba."

Kicheko kikubwa kilitoka nyuma ya magunia. Huyo alikuwa Sanga, fundi cherehani kutoka Makete, aliyekuwa amekumbatia mashine yake kama mchumba. "Mwalimu," alisema, "ukiitwa kuzima moto, usianze na salamu!"

Nilikuwa bado naitafakari shutuma hiyo niliposikia harufu ya kitu kinachoungua. Moshi wa bluu ulianza kutoka pembeni mwa boneti, na matone ya oili yakarukia kioo cha mbele. Lutengano hakushangaa hata kidogo. Alikaza meno akaendelea mpaka Mtwango, ambako moshi ulizidi hata hatukuiona barabara.

Mtwango: sanduku

Boneti ilipofunguliwa, Lutengano alitueleza kwa spana. Silinda nane zimepangwa nne huku na nne huku, na katikati pana bonde. Juu ya bonde limelala pande la chuma ambalo yeye aliliita manifoldi, linalogawa hewa na petroli kwa kila silinda. Pande hilo ndilo paa la bonde, na chini yake oili inarukaruka. Kati ya chuma na chuma huwekwa gasketi. Sasa oili ilikuwa ikichuruzika pande zote za manifoldi, hasa mbele na nyuma, na kuangukia mabomba ya moshi yaliyo moto.

"Gasketi imeshindwa," alisema. Alisema bila kumtazama mtu yeyote.

"Na hili gunzi?" Sanga aliuliza, akilinyooshea mkono.

"Usiguse!"

Alipiga ukelele hata kuku wa jirani wakakimbia. Sanga akaurudisha mkono mfukoni. Nami nikasema moyoni kwamba kumbe gunzi lina kazi kubwa ndani ya injini, na nikafurahi kwamba sikuwa mimi niliyeuliza.

Gasketi ya akiba haikuwapo. Ilitakiwa karatasi ngumu, pana, iliyonyooka. Macho yote yalikwenda kwenye sanduku langu. Nilisema kwamba lina vitabu. Wakasema vitabu havihitajiki, kinahitajika kifuniko tu. Nilisema ni zawadi ya baba. Kutoka juu ya magunia, Mama Tabita alisema akitazama upande wa Njombe: "Mwulizeni mwalimu, baba yake alimpa mfuniko au alimpa akili?"

Nikalitoa.

Lutengano aliondoa kabureta, akafungua bolti, akainua manifoldi yenyewe na gunzi lake likiwa limesimama wima juu ya bomba, nyekundu, kama jogoo juu ya paa. Alilizungushia mikono bila kuligusa. Sanga alitoa makasi, chaki na futi ya kupimia nguo. Aliipima manifoldi kiuno na mabega.

"Nimeacha upindo kidogo pembeni," alisema akikata, "kama itanenepa."

"Chuma hakinenepi, fundi."

"Hata wateja wangu husema hivyo."

Tulipaka sabuni ya kipande pande zote mbili za kadibodi, Lutengano akakaza bolti kuanzia katikati kuelekea mwisho, kidogo kidogo, kwa zamu. Watu wa nyumba iliyokuwa karibu walituletea makande. Mama Tabita alikula nyuma ya lori, Lutengano akala mbele ya lori, na mimi nikabeba chumvi kwenda na kurudi. Mzee wa nyumba hiyo aliiona kofia yangu akadhani nimetumwa na ofisi ya wilaya. Akanieleza kwa kirefu jinsi nguruwe pori walivyommalizia viazi, akaniuliza serikali inasemaje. Nilitaka kumkatalia, lakini nikaona atafedheheka, nikamwambia serikali inasikitika. Alinishukuru sana. Nalifikiria jambo hilo mpaka leo.

Kupanda mlima: kofia

Injini iliwaka vizuri. Tuliimba. Hatukufika mbali.

Kwenye mlima wa kwanza mkubwa oili ilirudi, safari hii ikichungulia mbele na nyuma ya manifoldi na kuisukuma kadibodi nje kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Lutengano alisimamisha lori, akajiegemeza kwenye usukani.

"Mwambie huyo mtu," Mama Tabita aliniambia, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "kwa mjukuu wangu yule wa kwanza nilichelewa. Nilikuta wamekwisha kumfunga kitambaa mtoto. Mwambie sitaki kuchelewa tena."

Hilo nililipeleka jinsi lilivyo. Lutengano alilisikiliza akitazama mbele.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Sanga aliigusa kofia yangu kwa vidole viwili, kama anavyogusa kitambaa dukani. "Pama nzuri hii. Nene. Inanyonya. Kadibodi ibaki katikati, na ncha mbili, ya mbele na ya nyuma, tuziwekee hii."

Jamani, kofia ile niliinunua baada ya kuwaza mwezi mzima. Niliwaza kama nitaonekana ninajivuna, halafu kama nisipoivaa nitaonekana maskini. Nilikuwa nimeandaa jinsi ya kuivua nitakapomsalimu mwalimu mkuu. Nikasema, "Ukingo tu, basi." Sanga akakata ukingo. Kisha akasema ukingo hautoshi. Vipande vilivyobaki alivitia mfukoni, kwa kuwa mafundi cherehani hawatupi kitu, na mimi nikabaki nanyeshewa kichwani.

Tukafungua yote, tukafunga yote. Manifoldi iliinuliwa tena na gunzi lake, ikateremshwa tena na gunzi lake.

Njia panda ya Kidugala

Ilikuwa jioni tulipofika kwenye njia inayoelekea Kidugala, na oili ilikuwa inatoka kama kawaida. Kopo la oili ya akiba lilikuwa limebaki kidogo tu chini. Lutengano aliniita chini ya lori, kana kwamba anataka nimshikie bolti. Tulilala chali katika matope, vichwa vikikaribiana.

"Mwalimu," alinong'ona, "gasketi ni nzima."

"Ya kadibodi au ya kofia?"

"Zote. Hata ile ya kwanza ilikuwa nzima. Injini hii ina pumzi ya moto tumboni, na pumzi hiyo lazima itoke. Hutokea kwenye lile bomba la kumiminia oili. Ndiyo maana kopo langu lilikuwa na matundu. Sasa bomba limezibwa kabisa, pumzi inasukuma oili itoke popote itakapopata njia."

 Tone la oili liliniangukia shavuni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Njombe."

"Tangu Njombe! Na sanduku langu?"

"Ningefanyaje? Ni nguo ya mwili wake, siwezi kuishika. Nikimwambia mtu mwingine aitoe, yeye yuko juu pale, ataona. Atajua kwamba amenipa zawadi na zawadi imeniharibia gari. Atashuka vipi kwa binti yake na aibu hiyo? Nilisema labda nikifunga vizuri sana, itashika mpaka Makambako." Akafuta uso kwa mkono wenye oili. "Oili ikiisha hapa, injini inakufa. Na Tabita yuko kule."

Ndipo nikaelewa kwamba dereva na mkwewe wote wawili wanataka Tabita aishi na mtoto wake aishi, na kati yao pamesimama gunzi, na aliyewekwa kupeleka maneno ni mimi peke yangu.

Nilitoka chini ya lori. Nilianza kutunga. Kwanza nilifikiria mfano wa sufuria na mvuke. Halafu nikaona mfano wa sufuria unaweza kumgusa kama mpishi. Nikafikiria kumshukuru kwanza kwa gunzi, kisha kulisifu, kisha kueleza kwamba kila kitu kina wakati wake. Sanga alinitazama midomo ikitikisika.

"Mwalimu," alisema, "moto unawaka. Usianze na salamu."

Nikainua kichwa. "Mama," nilisema, "injini haipumui."

 Alitazama barabara, akatazama boneti, kisha upindo wa kanga yake uliochanika. Sikutaja gunzi. Nilikuwa nimelisahau, kwa hofu.

"Haipumui," alirudia.

"Haipumui, mama."

Alishuka mwenyewe kutoka kwenye magunia bila kushikwa mkono. Lutengano alimsikia akija, na kwa kuwa hapakuwa na mti wala kichaka karibu, alijitupa mtaroni akalala kifudifudi, uso ndani ya nyasi, mikono juu ya kichwa. Mama Tabita alimpita bila kumwona, jinsi inavyotakiwa. Akafungua boneti, akashika gunzi kwa mikono miwili, akavuta. Lilitoka kwa mlio, na moshi ukafuatia, mrefu, kama mtu aliyezuia kikohozi ibada nzima.

 Alilifunga gunzi ndani ya kanga yake akapanda tena.

Tulimimina tone la mwisho la oili. Kutoka pale mpaka Makambako halikutoka tone, na Sanga alisema mara kwa mara kwamba ni kwa sababu ya mshono wake.  Nilichungulia kidirishani nikamwona Mama Tabita amelishika gunzi mapajani, analigeuzageuza. Nilijua nimemdhalilisha. Nilitunga namna kadhaa za kuomba radhi na kuzifuta zote.

Makambako

Nyumba ya Lutengano ilikuwa karibu na njia panda kubwa. Wanawake walikuwa mlangoni, na mmoja alipomwona Mama Tabita alipiga magoti. "Shuka upesi, mama. Anakuita wewe tu."

Aliingia. Sisi tukabaki nje, upepo wa Makambako ukitupiga. Jirani alituletea ugali na maharage. Lutengano hakula. Alisimama ameegemea ukuta wa jirani, mgongo kwa mlango, ili mkwe akitoka asimwone uso. Sanga alijaribu kumchekesha kwa habari za bwana mmoja aliyeshonewa suruali ya mguu mmoja, akaacha. Nilitaka kusema jambo la kufariji, nikaona kila jambo nililokuwa nalo lina sentensi nyingi mno. Nikasimama karibu naye tu.

Mwanamke mmoja alitoka kuchukua kaa la moto jikoni, akaomba na msumari. Sikuelewa kwa nini mzazi anahitaji msumari. Nilianza kuwaza mambo mabaya. Kisha akatoka tena, akamwuliza Sanga kama ana kitambaa, chochote ambacho si cha Mama Tabita. Sanga akatia mkono mfukoni.

Ndani palikuwa kimya kwa muda nisiopenda kuukumbuka. Lutengano alikuwa ameshika ukuta kwa viganja vyote viwili.

Halafu tulisikia sauti. Ilikuwa ndogo, yenye hasira, ikakatika, ikaanza upya kwa nguvu zaidi. Lutengano hakugeuka. Mabega yake tu ndiyo yaliyokuwa yakicheka na kulia.

Mama Tabita alitoka mlangoni akiwa amejifunika kichwa. Aliniita. Nilikwenda nikiwa na radhi yangu tayari mdomoni, lakini hakunipa nafasi. Alinitia gunzi mkononi. Lilikuwa lile lile. Lilikuwa limetobolewa kwa msumari wa moto, tundu baada ya tundu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, na bado lilikuwa na joto. Halikuwa na kitambaa chekundu tena. Lilikuwa limezungushiwa kipande cha kofia yangu.

"Mpelekee huyo mtu," alisema. "Hili anaweza kulishika. Na umwambie mtoto anapumua."

Nilitembea mpaka ukutani. Safari hii sikuongeza neno wala sikupunguza.